Kipini cha Kushoto

Mchapa picha wa nyuma ya soko la samaki hana mashine. Hupaka wino kwenye ubao aliouchonga, hulaza karatasi juu yake, kisha huisugua kwa mgongo wa kijiko, taratibu, huku akiisemesha kama anayembembeleza mgonjwa. Hana mwingine wa kusema naye. Miaka thelathini amechonga kinyume, kwa kuwa karatasi hugeuza kila kitu: cha kulia huja kushoto. Hakuwahi kukosea hadi juzi, alipomchonga marehemu mkewe. Jirani yake, Bi Sabiha, aliyemletea vitumbua, aliishika ile karatasi akaguna.

"Shemeji, kipini cha pua si alivaa kushoto? Mbona hapa kiko kulia?"

Mzee aliiinamia karatasi. Mkono wake ulikuwa umesahau kazi. Ulimchonga bila kumgeuza, vilevile alivyozoea kukaa mbele yake.

"Hivyo ndivyo alivyojiona mwenyewe kwenye kioo," alisema. "Ichukue, nakupa."

Bi Sabiha alipotoka, mzee aliufuta ubao wino, akausimamisha kwenye kiti cha pili, mezani. Akakaa, akamtazama, kipini chake kikiwa kushoto kama zamani, kisha akamsogezea sahani ya vitumbua aanze yeye.