Shina la Kitambaa Chekundu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, nakumbuka asubuhi moja shambani Kidahwe, nikiwa bado mke mgeni. Ukungu ulilala juu ya mihogo hata majani yakawa kama yanaelea. Njaa ilikuwa imetuingia, na ugonjwa wa batobato umekunja majani karibu shamba zima. Katikati lilibaki shina moja nene, zima. Mwanangu wa kwanza analia mgongoni. Nikalishika niling'oe.

Mama mkwe akaja taratibu kama atembeaye usingizini, akanishika mkono. "Hilo si chakula," akasema. "Ng'oa yaliyougua, tule hayo. Ukila hili zima, mwakani utapanda nini?"

Akachana pindo la kanga yake nyekundu, akalifunga lile shina. Mtoto alikula mihogo myembamba akalala. Mimi nilinuna siku nzima. Majirani walikula yaliyonenepa, wakapanda vipande vya yale yaliyodumaa. Ugonjwa wakaupanda kwa mikono yao; sisi tulipanda vipande vya lile shina zima.

Sasa shamba lile lile limeingiwa na ugonjwa mwingine, michirizi. Mzizi nje mzuri, ukikata ndani kahawia, umeoza. Mjukuu wangu Zuhura, anayesoma kilimo, tulikaa naye ufukweni mwa ziwa, Bangwe, akanieleza habari za vinasaba. Ndani ya kila mmea, anasema, mna uzi mwembamba usioonekana, wenye maagizo yote: jani liwe hivi, mzizi unenepe hivi. Ugonjwa nao una wake. Wataalamu huchukua kipande kidogo cha uzi wa ugonjwa, kisichoweza kudhuru, wakakipitisha kwa kijidudu cha udongoni kilichozoea kujipenyeza kwenye mimea. Muhogo ukishakipokea, ugonjwa ukija unautambua na kuukatakata. Nilimsikiliza nikitazama maji, nikaona kama nyuzi hizo zinapepea humo ndani, nyingi, zinang'aa.

"Kwa hiyo, Bibi, haya mashina machache mazima yaliyobaki tuyale tu. Mbegu mpya itakuja."

"Imekuja?"

"Bado. Iko kwenye majaribio, haijaruhusiwa kwa wakulima."

"Na hicho kipande wanakitia kwenye nini?"

"Kwenye muhogo, Bibi."

"Muhogo gani?"

Akasema polepole, "Ule ambao watu wanaupenda."

"Basi ni lazima uwepo kwanza, ndipo kitiwe."

Mwanangu unayesoma haya, elimu hiyo siikatai. Mama mkwe alichagua kwa macho, hawa wanachagua ndani kabisa, kazi ni ile ile. Lakini usile kilicho bora kwa kuwa umesikia kizuri kinakuja. Kitunze, uulize, usubiri kipimwe. Mungu awape ninyi nyote macho ya kuona kilicho kizima na subira ya kukiacha kisimame.

Tuliporudi jioni hiyo nilichana kanga yangu nyekundu, nikayafunga yale mashina mazima. Nikawaita wote uani, Zuhura akiwa mbele, nikawaambia: shina lenye kitambaa chekundu haling'olewi, hata kama kwenye chungu hamna kitu.