Gavana Anakuja Kesho

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kiwanda cha kuchambua pamba pale Bunda, Fundi Salumu alinishika mkono akauweka juu ya injini. "Sikiliza kwa kiganja," aliniambia. Nikadhani ndivyo ufundi unavyofundishwa. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba masikio yake yalikuwa yamekwisha kwa kelele za miaka mingi, na kwamba alifuata maneno ya watu kwa kutazama midomo. Sisi wa chumba cha injini tulijua wote. Bwana Meneja hakujua, na hakutakiwa kujua. Alikwisha kumwachisha kazi mtu mmoja wa kupaka mashine mafuta kwa macho mabovu, akasema injini haitaki mtu mwenye kasoro.

Injini ilikuwa moja tu, na mkanda wake ndio ulioendesha mashine zote. Ninyi mnaobonyeza swichi leo, niwaeleze kidogo. Injini haijui kiasi. Mkanda ukichomoka, mzigo unaondoka ghafla, nayo inaanza kukimbia mpaka lile gurudumu zito linapasuka na vipande vinatoboa ukuta. Kinachoizuia ni gavana, yaani mipira miwili ya chuma inayozunguka pamoja na injini. Mwendo ukizidi, mipira inatanuka, inavuta fimbo, na fimbo inapunguza mafuta. Mwendo ukishuka, springi inairudisha. Sisi tulimsema kama mtu: gavana amechoka, gavana amelala. Wa kwetu alikuwa amechoka kweli, springi imelegea, na mwingine alikuwa ameagizwa Mwanza.

Alasiri moja Bwana Meneja alisimama mlangoni injini ikiunguruma, akasema, "Gavana anakuja kesho," akaenda zake. Alimaanisha mkubwa wa serikali ya Mwingereza, aliyekuwa safarini kwenda Musoma na huenda angependa kuona kiwanda. Fundi Salumu aliisoma ile midomo vizuri kabisa. Ila yeye alikuwa na gavana mmoja tu kichwani. Kazi ilipokwisha na sisi tukaondoka, alibaki akamfungua yule wa zamani ili kumwandalia mgeni nafasi.

Asubuhi Bwana Meneja aliingia amevaa tai. Gavana alikuwa vipande vipande juu ya gunia, ameoshwa kwa mafuta ya taa.

"Jana nilisema nini?" aliuliza.

"Ulisema gavana anakuja," Fundi alijibu.

"Gavana gani?"

 Nilimwona Fundi akipangusa spana ambayo ilikuwa safi tayari. Kama habari ya masikio yake ingejulikana, siku hiyo hiyo angerudi kwake Iringo, Musoma, bila kazi, na kwa umri ule hakuna ambaye angemchukua.

Akajibu Masatu, mtu wa mikanda, mzaliwa wa Murangi. "Bwana, hata sisi tulielewa hivyo. Hapa gavana ni huyu. Yule mwingine hatujamwonaga."

Nami nikaitikia, na wenzetu wakaitikia. Bwana Meneja alimtazama Masatu kwa muda. Masatu huyo, aliyekuja kazini kila siku na fulana yenye grisi, asubuhi ile alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

Basi akaamuru injini iwashwe vivyo hivyo, mtu mmoja apunguze na kuongeza mafuta kwa mkono. Fundi akatikisa kichwa. "Bila gavana siwashi."

"Watu wa chama wanasema hata nchi itakwenda bila gavana," Masatu alichomekea.

"Nchi labda," Fundi alisema. "Injini hapana."

Bwana Meneja aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika. Aliporudi kututazama alituambia tuharakishe.

Tulimrudisha gavana mahali pake, springi ile ile tukaikaza. Injini ilipokubali, magari ya mkubwa yalikuwa yameshapita barabarani bila kusimama, yametuachia vumbi. Fundi alikuwa ameinama, mkono juu ya mtambo. Bwana Meneja alikuja nyuma yake akamwita kwa jina. Fundi hakugeuka. Akamwita tena, kwa nguvu, na watu wa mashine za mbali wakageuka, Fundi hakugeuka. Masatu akaangalia chini.

Bwana Meneja alisimama pale. Kisha akaizunguka injini yote, akapita kwenye joto na tai yake, akasimama mbele ya uso wa Fundi. "Kazi nzuri," alisema polepole. Tangu siku hiyo hakumwita tena kwa nyuma.

Mimi sikukaa. Nilihamia mtambo wa umeme Musoma, nikaenda mashine ya kusaga Butiama, nikarudi, nikaondoka tena. Kila injini mpya iliniita. Nimeacha kazi nikiwa na arobaini na kitu, si kwa uzee bali kwa masikio. Sasa nakaa Kamunyonge, hapo hapo Musoma, na kila Ijumaa baada ya swala namtembelea Fundi Salumu. Tunakaa tumeelekeana kwenye baraza lake, na wajukuu wanasema tunapiga kelele mno. Juzi mama wa nyumba ya pili alikuja mbio kutuamulia ugomvi. Tulikuwa tunazungumza habari za springi. Fundi alimtazama midomo, akacheka, akamsogezea kiti.