Kiyoyozi cha Impala ya Baba

Baba yangu, Eleuterio Cantú, alikuwa mtu wa posta. Aligawa barua kwa miguu katika mitaa ya Laredo, Texas, mpakani na Meksiko, hadi alipostaafu, na katika mji ambao lami yake hulainika kabla ya mchana kufika, mtu aliyefanya kazi hiyo halalamikii joto mbele za watu. Starehe yake ilikuwa moja tu: gari lake, Impala ya mwaka 1967, nyeupe kama maziwa, yenye kiti kirefu cha mbele cha kukaa watu watatu. Aliinunua kwa mjane wa daktari mmoja wakati mimi bado nanyonya.

Gari hilo lilikuja na kiyoyozi chake, kompresa kubwa nzito kama chungu cha maharage ya harusi, na kwa miaka mingi kilifanya kazi vizuri. Kisha gesi ya aina ile ikapigwa marufuku, ikaadimika, mipira ya zamani ikakauka, na hatimaye kikawa kinapuliza harufu ya vumbi tu. Baba akashusha vioo, maisha yakaendelea.

Yaliendelea mpaka Mama alipougua. Mama yangu anaitwa Hortensia, na Baba humwita Tencha, naye humwita Baba Tello. Ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambao haupatani kabisa na joto. Akipata joto kidogo tu, macho yanaingia ukungu na miguu inakuwa kama ya mtu mwingine. Kwa hiyo aliacha kupanda Impala wakati wa joto, na kwetu wakati wa joto ni karibu mwaka mzima. Akawa anapanda gari langu mimi, ambalo halina sifa yoyote ila ubaridi.

Jumapili, watu wa magari ya zamani hupita mtaani kwetu kwenda Ziwa Casa Blanca kuchoma nyama. Siku moja mwanzoni mwa machipuko Mama alikuwa amesimama dirishani, ameegemea kigari chake cha kutembelea, akawaangalia wakipita mmoja mmoja. Akasema anatamani siku moja aende nao tena. Hakusema zaidi, akarudi jikoni kugeuza tortila, zile chapati zetu za Kimeksiko. Lakini Baba alikuwa mezani, na aliyapokea maneno yale kama amri ya mahakama.

Aliagiza kiyoyozi kipya chote: kompresa ndogo ya kisasa, rejeta ya gesi ya kukaa mbele ya ile ya maji, kisanduku cha ubaridi cha kuingia nyuma ya dashibodi, mabomba, swichi. Vikaja ndani ya maboksi yaliyojaza nusu ya gereji. Katika picha ya maelekezo kulikuwa na mwanamume aliyevaa shati safi, anatabasamu, ameshika spana moja. Baba aliibandika picha ile ukutani, na kufikia Mei alikuwa ameichana.

Maana hakuna kilichokaa mahali pake. Kishikio cha kompresa kilikuwa cha injini nyingine. Akapiga simu, wakamwomba radhi, wakamtumia kingine, na kilipofika kikawa kilekile, hata mkwaruzo wa rangi ulikuwa upande uleule. Akaenda kwa mchomeleaji akatengenezewa chake. Kisanduku cha ubaridi kilikataa kuingia hadi alipong'oa redio, kisha saa, kisha sehemu nzima ya mbele ya abiria, na boliti moja iliyokaa pale tangu kiwandani ikakatika kichwa. Aliichimba kwa siku kadhaa. Tulikuwa tunasikia kimya kirefu, halafu chuma kinaanguka sakafuni, halafu kimya tena.

Mjomba Chema, kaka yake Mama, alikuwa na mazoea ya kuja asubuhi na mfuko wa tortila zenye mayai, akageuza ndoo na kukaa mlangoni mwa gereji. Mjomba Chema aliendesha malori maisha yake yote, na mdomo wake haujawahi kustaafu.

"Shemeji," alikuwa akimwambia Baba aliyelala chali chini ya usukani, miguu nje, "si ungenunua friji tu, ukaliwekea magurudumu?"

Baba anaendelea na spana yake. Kwa Baba, mtu anayekula tortila huku wewe unatokwa damu vidoleni hastahili jibu.

Katika mizaha hiyo Mjomba alichomeka neno moja la maana. Alisema ile kava ya plastiki inayozunguka feni, ambayo Baba aliitoa kwa sababu mabomba mapya hayakupata njia, lazima irudi, la sivyo injini haitapumua na itachemka. Lakini alilisema kwa namna yake, kwamba gari bila kava ya feni ni kama mzee bila meno, mbele ya chakula kingi anabaki kupuliza. Baba akasikia mzaha tu. Akaitupa kava juu ya kabati.

Mwishoni mwa Juni kila kitu kilikuwa kimefungwa. Akajaza hewa ya kupima, na ikavuja. Akapaka povu la sabuni kila kiungo, akiviangalia kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, na hakuona hata kiputo kimoja. Akafungua, akabadilisha mipira, akafunga. Ikavuja. Siku hiyo nilimkuta amekaa kwenye ndoo ya Mjomba, mikono imelegea magotini, na nilipomuuliza kama anataka maji alisema hataki kitu chochote kutoka kwa mtu yeyote. Kesho yake akagundua bomba moja lilibanwa vibaya upande wa nyuma, mahali ambapo jicho halifiki.

Akalibadilisha, na safari hii hewa haikuvuja. Gesi ikaingia, na upepo uliotoka ulikuwa wa baridi kweli. Baba aliweka kiganja mbele ya tundu, akakiacha pale muda mrefu. Halafu akaingia ndani kuoga na kunyoa.

Tulitoka watu watatu, Mama na Baba mbele, mimi nyuma. Mama alijipaka rangi ya midomo. Kwa muda kidogo ilikuwa raha tupu: Mama anasoma majina ya maduka kwa sauti, anauliza lile la viatu lilifungwa lini, Baba anajibu kwa neno mojamoja kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Tukafika kwenye reli, treni ya mizigo kutoka ng'ambo ya mto ikapita mbele yetu, ikapunguza mwendo, ikasimama. Huku kwetu treni ikisimama njiani, unazima injini na kumpigia simu unayemfuata. Baba hakuzima, kwa sababu ya ubaridi.

Nilimwona anaangalia geji ya joto la injini. Akaangalia tena. Akazima kiyoyozi, na ndani ya muda mfupi gari likawa tanuri. Mama akafungua kitufe cha shingo. Kisha mvuke ukatoka chini ya boneti na injini ikafa yenyewe.

"Tello," Mama akasema polepole, "sikuoni vizuri."

Nyuma yetu kulikuwa na mwanamke mwenye pikapu. Alishuka mwenyewe kabla hatujamwomba, akafungua mlango wake, tukambeba Mama, maana miguu haikuwa inamtii tena, tukamlaza kwenye kiti cha mtu tusiyemjua, upepo wa baridi ukimpiga usoni. Baba alibaki amesimama juani kati ya magari mawili, ameshika kigari cha kutembelea kilichokunjwa, kofia hana. Watu wa nyuma walikuwa wanapiga honi.

Macho yalimrudia Mama jioni ileile, na nguvu za miguu kesho yake. Asubuhi hiyo Baba alichukua kikombe chake cha kahawa, akaelekea gereji. Mama alikuwa kwenye kiti chake.

"Kaa kwanza," akamwambia.

Akakaa.

"Tangu Pasaka unasema unanitengenezea gari. Mimi nakula peke yangu, naangalia televisheni peke yangu. Nikikuita husikii, kichwa kiko ndani ya dashibodi. Jana ndiyo mara ya kwanza tumekaa kiti kimoja, na nikaishia kwenye gari la mgeni."

"Nafanya kwa ajili yako, Tencha."

"Najua. Ndiyo maana nimenyamaza. Sasa nimechoka kunyamaza."

Baba akazungusha kikombe mezani. Akasema ataliuza, liende, yaishe. Mama akamwambia asimletee hasira za kitoto, kama anataka kumaliza kazi amwite Chema wamalize wawili, na chakula cha mchana kila siku atakula pale mezani.

"Chema ananicheka."

"Akucheke. Ukiambiwa jambo waziwazi unanuna wiki nzima. Unataka akuambie vipi?"

Mimi nilikuwa nakausha vyombo ambavyo vilikwisha kukauka. Baba aliimaliza kahawa yake. Mwishowe alichukua simu, akatoka nayo barazani, na tulichosikia ni yeye akisema, "Ile kava. Njoo uniambie ile kava vipi."

Mjomba alikuja na mfuko wake wa tortila. Nilidhani angeanza kutamba. Alitazama juu ya kabati, akaishusha kava, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati.

"Nilikuwa nasubiri kadi ya mwaliko," akasema, akainama juu ya injini.

Amani ile haikudumu. Waligombana Julai yote na Agosti yote. Waligombania rejeta nene waliyoifunga badala ya ile ya zamani, waligombania mahali pa kukata kava ili mabomba yapite, na mara moja Mjomba aliondoka ameacha kofia yake, akarudi kesho kuichukua akabaki hadi jioni. Adhuhuri walikuja mezani wote wawili, mikono inanuka petroli, wanaendelea kubishana huku Mama akiwapakulia na kumwambia kila mmoja kwa zamu kwamba mwenzake ndiye yuko sahihi.

Septemba gari lilisimama na injini ikiunguruma juani, kiyoyozi kimewashwa, na geji haikusogea. Baba hakufurahi kama nilivyotarajia. Saa ya dashibodi haikufanya kazi tena na hakujua ni waya upi. Matundu mapya ya upepo, ya plastiki nyeusi, yalining'inia chini ya dashibodi, na mwenzake mmoja wa magari ya zamani alichungulia ndani akasema ni huzuni kuharibu kitu kizuri namna hiyo. Baba alimjibu kwamba gari la mke wake si mali ya maonyesho. Lakini kwa siku nzima aliyarudia yale maneno peke yake akipanga upya majibu.

Jumapili iliyofuata tukaenda. Mjomba alitangulia na nyama. Mama alikaa mbele, na hatujamaliza mtaa wetu akaomba tupunguze upepo, anasikia baridi. Baba akapunguza. Akaomba shali, nikampa. Tulipoingia barabara ya mzunguko alikuwa amelala, kichwa begani kwa Baba, mdomo wazi kidogo.

Hapo kitu kikaanza kugonga nyuma ya redio. Mlio mdogo, wa chuma, unaokuja na kwenda. Niliona shingo ya Baba ikikaza. Akatega sikio, akaongeza mwendo, akapunguza, taya linamtembea. Nilijua anataka kusimamisha gari pale pale na kuifungua dashibodi yote kwa mikono. Njia ya kwenda ziwani ikafika, na pale pana matuta na taa, lazima mtu asimame, na Mama angeamka. Akaipita. Tukazunguka hadi ilipofika tena, akaipita tena, mlio unagonga, Mama analala.

Mjomba Chema akanipigia simu kuuliza tumekwama reli gani safari hii, nyama inaungua. Nikamwambia kwa sauti ya chini waanze kula.