Filamu Isiyo na Uso

Saa tisa alasiri, Intisar Aidarus amelala kifudifudi kwenye sakafu ya baridi, ndani ya nyumba moja ya Ndia Kuu, jicho moja kwenye kamera ya video. Mbele yake kuna kizingiti, na kando ya kizingiti jozi saba za viatu. Nje mvua ya Aprili 1996 inanyesha polepole. Mwanga unaoingia mlangoni una rangi ya maziwa.

"Kandambili, songa," anaamuru. "Kidogo. Una haya, wewe. Umeingia karamu ya watu."

Nyuma ya mlango, mwanamke anavuta mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, uliofungwa kwenye kandambili. Kandambili inasonga kwa haya. Chumba kizima kinaangua kicheko, na Intisar anaanza tena.

Ana miaka thelathini na minne. Hupiga picha za video upande wa wanawake katika harusi za Mji wa Kale, mbili au tatu kwa mwezi, shilingi elfu tatu kila moja. Pesa hizo hununua kanda za vichekesho vyake, ambavyo havijamwingizia hata senti. Tangu mwaka 1991 ametengeneza vitano. Waigizaji ni wanawake pekee. Hata bwana harusi ni mwanamke mwenye masharubu ya wanja.

Sharti lao ni moja: mwanamume asivione. Intisar huipeleka kanda mwenyewe nyumba kwa nyumba, hukaa mpaka iishe, kisha hurudi nayo.

Sharti hilo linafika hadi nyumbani kwake. Mumewe, Nasser, karani huko Kilindini, amekaa naye miaka kumi na mmoja na hajaona hata filamu moja. Wanawake wakikusanyika ghorofani kutazama, yeye huteremka barazani.

"Hutusikia tu," Intisar anasema. "Wakishaondoka huniuliza, 'Mwacheka nini?' Nikimweleza, hacheki. Kichekesho hakielezeki."

Ndipo lilipomjia wazo la filamu ya sita: viatu tu. Wageni wa harusi wameingia ndani. Viatu vimebaki mlangoni, vinasengenyana. Kiatu cha dhahabu kimepotea, na mtalawanda, kiatu cha mti cha chooni, unashukiwa. Hakuna uso wala mkono, na sauti zote zimetolewa kwa kubana pua. Ukumbi mmoja mjini umekubali kuionyesha Idi hii, kwa wanaume na wanawake.

Lakini kila mwigizaji ana haki ya kuizuia. Jumamosi iliyopita, walipoitazama kwa majaribio, mmoja aliizuia: Mwanakhamis, mshona kofia mwenye miaka hamsini na minane. Alikuwa ametumia makubadhi yake mwenyewe, yaliyoshonwa kwa uzi wa kijani. Yalipotokea tu, chumba kizima kikapiga kelele: "Makubadhi ya Bi Mwanakhamis!"

"Mji mzima wayajua," Mwanakhamis anasema. "Nifunikwe uso, nianikwe miguu? Hiyo ni stara gani?"

"Nawe, Bi, si ungeleta ya mtu mwingine," anamtania Sheikha, anayetoa sauti ya mtalawanda.

"Nije harusini na ya mtu, niitwe mwizi?"

Ndiyo maana leo kuna kandambili, iliyonunuliwa asubuhi Marikiti, na tukio zima linapigwa upya. Bila idhini ya Mwanakhamis, hakuna onyesho.

Saa kumi na moja, Intisar anaunganisha kamera na televisheni. Kandambili inaingia na kuomba radhi kwa sauti ya puani. Hakuna anayeitazama. Wote wanamtazama Mwanakhamis, naye anatazama kioo cha televisheni, hadi mabega yake yanaanza kutikisika kwa kicheko.

"Huyo simjui," anasema, akifuta machozi kwa ncha ya leso. "Lakini ana adabu. Mpelekeni."

Ukumbini wanaume watakaa mbele, wanawake nyuma ya pazia. Intisar hataweza kumwona Nasser.

"Sitaki kumwona," anasema. "Nataka kumsikia. Hata wawe wanaume mia mbili, kicheko chake nitakijua."

"Na asipocheka je?" Sheikha anauliza.

Intisar anachomoa kanda kutoka kwenye kamera.

"Basi filamu ya saba itakuwa ya vyungu. Nasser apenda kula."