Maboga ya Ukutani na Kidole Changu

Nilipokuwa mtoto, kule Masanze, niliamini kabisa kwamba kidole changu cha shahada kimeua maboga ya mama. Mimi ni mwoga tangu zamani, mwoga wa radi, wa mlango ukigongwa, siku hizi wa homa ya mwanangu, lakini sijawahi kuogopa kitu kama nilivyokiogopa kile kidole.

Mama alikuwa amejenga ukuta wa bustani. Mawe aliyabeba kichwani kutoka korongoni, akayashikiza kwa udongo, juu akapachika vipande vya sahani za maua zilizovunjika, jua likipiga ukuta wote unameta, na chini yake akapanda maboga yautambae. Bibi mzaa baba hakuupenda. Mawe yale aliyataka kwa zizi.

"Msimu mmoja tu," alimwambia mama. "Usipozaa, mbuzi wanahitaji mawe. Sahani haziliwi."

"Sawa, mama."

Alijibu hivyo tu, ila jioni nilimwona akiupapasa ukuta kama mtu anayembembeleza mtoto.

Sasa, kwetu boga changa halinyooshewi kidole. Ukilinyooshea linaoza. Unalionyesha kwa ngumi, au kwa kidevu, hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Siku moja jirani yetu Mama Rehema akasimama njiani, nikamwamkia, akaitikia, akauliza mmejaliwa mangapi, na mimi kwa kujidai nikanyoosha kidole, moja, mbili, tatu, nikafika saba ndipo nikakumbuka. Nilikiuma ili kuondoa mkosi, mpaka machozi yakanitoka. Wiki haijaisha, viboga vikawa njano, vikanywea, vikaanguka vyote saba.

Bibi akaja kutazama. "Nani kayanyooshea kidole?"

Nikaketi juu ya mkono wangu.

"Mke mwenzangu," akanigeukia mimi mjukuu wake, "mbona umeukalia mkono?"

Nikakimbilia jikoni kwa mama, nikamwaga yote kwa pumzi moja, kwamba ni mimi, kwamba ukuta utabomolewa kwa sababu yangu, kwamba anikate kidole. Mama hakucheka.

"Kesho alfajiri amka twende bustanini. Uje nacho."

"Nije na nini?"

"Na hicho kidole."

Asubuhi maua yalikuwa wazi. Akanionyesha ua jike, lenye kijiboga chini yake, na ua dume lisilo nacho. Nyuki mwaka huu hawaji, akasema, kazi yao tutaifanya sisi. Akanipaka unga wa ua dume kidoleni, njano tupu.

"Mama, si litaoza?"

"Yale uliyanyooshea kwa mbali. Hili liguse."

Niliugusa moyo wa lile ua. Kesho yake tena, na keshokutwa, na safari hii viboga havikuanguka. Vilivimba, vikaning'inia ukutani, vikubwa kuliko kichwa changu, mama akavifunga na vipande vya kanga kuukuu visikatike. Bibi akaja kuangalia mawe yake.

"Lile," akasema, akilionyesha kwa ngumi. "Mnipikie kwa nazi."

Kesho yake alileta bakuli lake lililopasuka, akamwambia mama alipachike juu kabisa, watu walione.

Leo naishi Mikumi, nina ukuta wangu mfupi wa vipande vya matofali, nina maboga, nina binti ambaye ndiyo kwanza amejua kunyoosha kidole na ananyooshea kila kitu. Wiki mbili zilizopita kakinyooshea kiboga. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, niliyejibu swali la uchavushaji kwenye mtihani wa baiolojia, nikamfumba mkono haraka kuwa ngumi. Halafu nikaona aibu, maana mama hakuwahi kubishana na hofu yangu hata siku moja, aliipa kazi tu. Nikambeba mwanangu hadi kwenye ua dume, nikakipaka kidole chake, tukaenda pamoja kwenye ua jike jingine lililokuwa wazi pale ukutani.

Viboga vyote viwili, alichokinyooshea na alichokigusa, vimeshika. Leo asubuhi nimevinyooshea kidole mwenyewe, cha shahada, kimoja baada ya kingine, na sikukiuma.