Siku Nilipomwambia Mzee Kanti Azime Umeme

Mkipita na mimi Kariakoo mkasikia mtu ananiita "Bwana Feni", nawaomba msigeuke, maana mkigeuka nitalazimika kueleza, na hili jambo bado linaniuma. Lakini kwa kuwa hapa tupo wenyewe kwa wenyewe, na kwa kuwa Chande (yule jirani yetu muuza kava za simu, mdomo wake hauna mlango) ameshalisimulia kwa namna yake mpaka limefika Feri kwa wauza samaki, acha na mimi niseme la kwangu. Aibu niliipata, sikatai, tena mchana kweupe, mbele ya umati. Ila mjue kwamba sikuwa tapeli, nilikuwa mjinga tu, na kati ya hayo mawili mimi nachagua ujinga.

Kwanza kazi yangu, maana ndiyo iliyonifikisha huko. Mimi Shaibu natengeneza vigae vinavyotoa umeme. Msicheke. Ni vigae vya kauri, duara, vyembamba, ukubwa wa kitumbua kilichokaliwa na mtu. Unga wake mweupe unaukoroga na gundi mpaka uwe kama uji, unautandaza, ukikauka unakata duara, upande mmoja unachapa wino wa kijani wenye nikeli, upande wa pili wino mweusi, na kila hatua inapita kwenye tanuri la umeme lenye moto ambao sufuria la alumini likiingia linatoka uji. Ukimaliza unavipanga kimoja juu ya kimoja ndani ya kasha la matofali, unaziba pembeni kwa unga wa kioo unaoyeyuka wenyewe, unapasha kasha zima kwa jiko la gesi mpaka vigae viwe vyekundu kama kaa, kisha unapitisha gesi upande wa kijani na hewa upande mweusi, na hapo umeme unatoka, bila injini, bila kelele, bila moshi. Sharti lake ni moja tu, uvipashe taratibu, kwa sababu kauri ukiiharakisha inapasuka.

Haya yote nilikuwa nayafanyia kwenye chumba cha nyuma cha duka la mama mdogo wangu Somoe, anayechapa fulana, fulana za misiba, za vikoba, za timu za mtaani. Yeye ndiye aliyenipokea nilipokuja mjini kutoka Masasi na begi moja, na meza ileile anayochapia fulana ndiyo niliyokuwa nachapia wino wa vigae vyangu, yaani Jumatatu meza inaandika "Pumzika kwa Amani Bibi", Jumanne inapakwa nikeli. Hakuwahi kulalamika. Shida ilikuwa tanuri. Nikiliwasha tu, swichi kubwa ya jengo inaruka, na mafundi cherehani wa ghorofa ya kwanza wanabaki gizani wameshika mikono ya mashati ya watu.

Mwenye jengo ni Mzee Kanti, mzee wa Kihindi anayekaa Upanga, mpole, sijawahi kumsikia akipandisha sauti (na watu wanamwogopa kuliko wale wanaofoka). Alikuja akasema tanuri litoke. Mama mdogo akamshika kwa maneno, na mama mdogo akikushika kwa maneno huponyoki, akamwambia mtoto huyu anatengeneza umeme, mzee wangu, njoo Jumamosi uone kwa macho yako, ukiwaka tunabaki, usipowaka ufunguo wa chumba cha nyuma huu hapa, chukua. Mimi nilikuwa nimesimama palepale nikatamani kumziba mdomo, kwa sababu chumba kile ndiyo stoo yake, ndimo anamoswalia adhuhuri, na mimi bila chumba kile sina pa kuweka tanuri Dar nzima, narudi Masasi kupalilia mikorosho ya baba. Mzee Kanti akauliza aje saa ngapi. Nikamwambia saa nane mchana.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, na nililichimba kwa akili zangu timamu. Kasha likianza likiwa baridi linataka masaa kumi kupata moto wake. Kwa hiyo kama mgeni ni wa saa nane, niamke alfajiri ya giza niwashe jiko. Lakini nikapiga hesabu ya mtu wa mjini. Ninyi ni watu wa Bongo, mnajua saa nane maana yake nini. Ukimwalika mtu saa nane, saa nane ndiyo anaingia kuoga. Harusi ya saa kumi na mbili, bwana harusi anaingia ukumbini saa tatu na hakuna anayemuuliza. Kikao cha saa nne, watu wanafika saa sita wakiuliza kama chai bado ipo. Basi nikaona nikiwa tayari saa kumi jioni nitakuwa nimewahi mno, tena nitakuwa nimeokoa gesi, nikajifunika shuka, nikaja kuwasha jiko saa kumi na mbili asubuhi huku napiga mluzi.

Saa nane haijagonga, Mzee Kanti huyo mlangoni, viatu vinang'aa, mwavuli kwapani. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Akaitikia marahaba, akaomba radhi kwamba amewahi kidogo. Jamani, mtu ameniharibia maisha halafu ananiomba radhi kwa adabu.

Mama mdogo akampa kiti na soda, mimi nikainama kwenye kipimo cha joto nikaona bado sana. Mtu mwenye akili angesema, mzee samahani, bado masaa mawili, kapate chakula kwanza. Maneno hayo yalinifika kooni kabisa. Lakini mlangoni watu walishaanza kujazana, kwa sababu Chande alikuwa anatangaza barabarani kwamba leo kwa Somoe kuna umeme wa bure, wapiga debe wa viatu wakaacha viatu, akina mama na mifuko yao wakasimama, na mimi nikaona haya. Nikafungua jiko la gesi mpaka mwisho.

Haikuchukua muda nikasikia ndani ya kasha, tak. Halafu tak, tak. Mtu wa kauri mlio huo anaujua hata akiwa usingizini, ni mlio wa kigae kinachopasuka. Mimi niliusikia vizuri sana, nikajiambia ni bati linatanuka. (Na mwenzenu nimesoma, nina cheti kimetundikwa sebuleni kwetu.)

Nikafungua gesi, nikafungua hewa, nikasema bismillahi, nikabonyeza swichi. Tulikuwa tumepanga taa sita na feni moja kubwa ya kusimama, zote zimechomekwa kwenye ekstensheni moja iliyotoka kwenye kasha langu. Hakuna kilichowaka. Nikabonyeza tena, wapi. Nikajifanya narekebisha waya, jasho linanitiririka mpaka kwenye kope, na mama mdogo aliyekuwa amesimama upande wa pili wa meza akanitazama usoni. Yeye anasema aliona machozi, mimi nasema lilikuwa jasho, hatujakubaliana mpaka leo. Mara mtandio wake ukadondoka, akainama kuuokota, akakaa kule chini ya meza muda mrefu kwa mtu anayeokota mtandio. Alipoinuka tu, taa zote zikawaka na feni ikaanza kuzunguka.

Watu walipiga vigelegele. Na mimi, badala ya kujiuliza, nikaamini. Niliamini moja kwa moja, kama mtu aliyeota ndoto nzuri na hataki kuamshwa. Mita niliyoifunga kwenye kasha ilikuwa inasoma sifuri, sifuri safi kabisa, nikaipiga kofi nikasema hizi mita za siku hizi hazina maana. Kisha nikawa profesa. Nikamweleza Mzee Kanti jinsi hewa inavyopenya ndani ya kauri, inavyokwenda kukutana na gesi upande wa kijani, nikachora kwa vidole hewani, nikamwambia joto la vigae ndiyo siri yake, na hewa ya ile feni ikinipuliza usoni nilihisi nimeshawashinda mafundi cherehani, nimemshinda baba na mikorosho yake, nimewashinda wote walioniambia nikauze simu.

Mzee Kanti alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu, kama umeme wa mtaani ukikatika, hii inaendelea? Mama mdogo akadakia haraka kwamba hayo tutayaona siku nyingine, leo mzee amechoka, kuna pilau. Akakohoa. Nikadhani vumbi. Akanikanyaga mguu chini ya meza, nikadhani ni furaha, na mimi nikamkanyaga kidogo kumjibu. Sikio la kufa halisikii dawa, jamani.

Nikavuta pumzi nikasema, watu wote wakanisikia, "Mzee, kwa nini tuongee sana? Zima umeme wa jengo zima uone mwenyewe."

Mzee Kanti akainuka, akaenda mwenyewe mpaka kwenye ngazi iliko swichi kubwa. Tukasikia cherehani za juu zinanyamaza, muziki wa duka la pembeni ukakatika katikati ya neno, taa zangu zote sita zikafa. Feni haikuzimika mara moja, ingezimika mara moja ningeshukuru. Ilipunguza mwendo polepole, ikazunguka kwa uvivu mpaka ukaweza kuhesabu mapanga yake, kila mtu anaitazama, ikasimama. Chande akasema kwa upole mkubwa kwamba Bwana Feni amwambie mzee azime tena, labda itawaka.

Mngedhani hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Nikasema kuna waya umelegea, mtanisamehe, naufuata sasa hivi, nikapiga magoti mbele ya umati nikaanza kuufuata ule waya kwa mkono, ukapita chini ya meza, haukuelekea kwenye kasha langu hata kidogo, ukapita nyuma ya rundo la fulana, ukapita katikati ya miguu ya mama mdogo, ukafika ukutani, ukaingia kwenye soketi. Nikabaki pale nimepiga magoti uso ukutani. Kicheko kilianzia mlangoni, kikaingia ndani, kikapanda ghorofani maana mafundi cherehani walishajaa dirishani.

"Mama mdogo, nini hiki?" nikamnong'oneza.

"Ulikuwa unatia huruma," akasema. "Ningekuacha uaibike peke yako?"

Mzee Kanti akarudi, akaitazama soketi, akanitazama mimi, na wala hakuuliza habari ya waya. Akainama kwenye tundu la kasha, akaangalia vile vigae vyekundu vilivyopasuka, akaangalia kwa muda. Kisha akauliza kitu hiki kinahitaji muda gani kupata moto, nikasema masaa kumi, akauliza nimewasha saa ngapi, nikasema saa kumi na mbili asubuhi.

"Kwa hiyo ulijua saa nane hakitakuwa tayari."

"Nilijua, mzee."

"Sasa kwa nini uliniambia saa nane?"

Sikuwa na uongo wowote uliobaki. "Nilidhani utakuja saa kumi," nikasema.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na naapa hata yeye mdomo ulimcheza. Lakini mkono aliunyoosha. Mama mdogo akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa ufunguo wa chumba cha nyuma, akamkabidhi bila kusema neno, na mama mdogo wangu kukosa neno ni kitu ambacho sijawahi kukiona. Vicheko vyote vile havikuniumiza kama pale. Nilitamani anipige kofi.

Mzee Kanti akautia ufunguo mfukoni. Akasema moto ameuona na ni wa kweli, saa ndiyo ilikuwa ya uongo, kwa hiyo chumba amechukua kama walivyokubaliana, ila tanuri nilipeleke kwenye yadi yake ya vipuri mtaa wa Gerezani ambako umeme ni mkubwa na hakuna fundi cherehani, na nikiwa tayari nimwambie, nikiwa tayari kweli, si kabla. Akachukua mwavuli wake akaondoka, na pilau hakula.

Nilianza upya kuanzia unga. Vigae vilipokamilika niliwasha kasha usiku kulekule yadini, sikulala, mgeni alipofika lilikuwa limeshapata moto wake zamani na mita inasoma namba ya maana. Mzee Kanti alishika waya akaufuata kwa mkono wake kutoka kwenye feni mpaka kwenye kasha, akarudi kutoka kwenye kasha mpaka kwenye feni, kisha akaagiza mama mdogo awekewe kiti katikati ya uwanja, mbali na ukuta wowote wenye soketi. Umeme ukazimwa yadi nzima. Feni ikaendelea, na mama mdogo pale kitini, mikono yote miwili ameinua juu kuonyesha hajagusa kitu, akaangua kilio.

Chumba cha nyuma hakikurudi. Amepangishwa muuza mikanda, na mama mdogo siku hizi anaswali amebanwa katikati ya marundo ya fulana, akisujudu goti linagonga mguu wa meza, nami nasikia kila pigo. Hajanilaumu hata siku moja. Kwa hiyo nimeapa, mtu akiniuliza saa ngapi namwambia saa yenyewe, hata kama ni saa ya kunivunjia heshima. Na mama mdogo nimemwomba kwa magoti kwamba siku nyingine akiona naaibika, tafadhali aniache niaibike mwenyewe. Amekataa.