Gari Jeusi la Mwalimu na Majivu ya Jikoni

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Ni siku niliyosugua gari jeusi la watu kwa majivu ya jikoni. Usicheke bado. Ngoja kwanza ujue nilikotoka.

Kwetu milimani, huko juu ya kijiji cha Kisiwani, msichana alipimwa kwa sufuria zake. Watu wakipita njiani wanatupia jicho kichanja chako cha vyombo. Sufuria ziking'aa wanasema, pale kuna mwanamke. Zikiwa na masizi wanapita kimya, na kimya hicho kinafika kwa wakwe kabla yao. Mimi shule niliiachia darasa la nne, lakini sufuria zangu zilikuwa digrii. Majivu, mchanga laini wa mtoni, gunzi la mahindi, na mkono unaozunguka, unazunguka, unazunguka. Jogoo wetu aliiona sura yake kwenye sufuria ya makande akapigana nayo mpaka akavunja ukucha. Sikudanganyi.

Nilipofika miaka kumi na tisa nikateremka Same mjini kwa shangazi yangu, nikapata kazi ya kuosha magari kwenye gereji ya Fundi Mshana, pale karibu na barabara kuu. Mzee huyu alikuwa wa ukoo wa wafua chuma, vidole vyake vigumu kama mizizi, maneno yake machache kama meno ya kuku. Alinyoosha bodi za magari na kuzipaka rangi. Mimi kabla ya kushuka nilikuwa nimeshawatangazia wanawake wote wa kijijini kwamba nikirudi nitakuwa fundi. Wakacheka mpaka mizigo ya kuni ikawadondoka vichwani. "Fundi wa matairi!" wakasema. Kwa hiyo unaelewa, mwanangu. Kurudi nimefukuzwa kungekuwa sawa na kurudi uchi.

Basi Alhamisi moja akaja Mwalimu Eliakimu, mwalimu mkuu, mtu wa suti hata kwenye joto la Same. Gari lake jeusi lilikuwa limetoka milimani, limejaa tope jekundu lililokauka. Jumamosi mpwa wake anaoa, na gari hilo ndilo lingepanda kumchukua bibi harusi. "Lioshwe, lipendeze," akasema, akaondoka kwa miguu na mwavuli wake.

Fundi hakuwepo, alikwenda Mwanga kutafuta rangi. Nikamwaga maji. Tope likanicheka. Nikamwaga sabuni. Tope likabaki limekaa kama mgeni aliyesikia harufu ya pilau. Hapo akili yangu, na mimi wakati ule niliiamini sana akili yangu, ikaniambia: majivu.

Nikaenda kwa mama ntilie wa jirani, nikachota kopo zima jikoni kwake. Nikakunja kitambaa, kikaanguka chini, nikakiokota, nikaendelea. Nilisugua gari lile kwa moyo wangu wote. Boneti, milango, buti, mpaka jasho likaniingia machoni. Lilipokuwa na maji liling'aa, nikaimba.

Likakauka.

Jua la Same halina adabu, mwanangu. Halimfichii mtu aibu. Lilipopiga boneti niliona utando wa buibui, duara ndani ya duara, maelfu kwa maelfu, yote yakifuata mzunguko wa mkono wangu. Yaani ungeweza kuhesabu nilivyosugua. Rangi ya gari si bati la sufuria. Ina ngozi, na mimi nilikuwa nimeichuna.

Sasa hapo ndipo ningepaswa kukaa chini na kulia kama mtu mwenye akili. Sikukaa. Nilikuwa na mafuta ya mgando ya kujipaka kwenye mkoba wangu. Nikapaka kidogo kwenye boneti. Buibui wakatoweka! Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikalipaka gari zima, kopo likaisha. Likang'aa kuliko kiatu cha askari.

Kisha upepo wa mchana ukaja.

Wewe unayeijua Same unajua vumbi lake. Vumbi lote la stendi lilisikia kwamba kuna mafuta. Dakika chache tu gari la Mwalimu likawa kama andazi lililoanguka kwenye unga. Kuku wa mama ntilie walikuwa wanajitikisa karibu, manyoya yao nayo yakaja kushiriki. Ndipo Fundi Mshana akatokea na debe lake la rangi. Akalizunguka gari mara moja. Akalizunguka tena.

"Binti."

"Abee, Fundi."

"Hili ni gari au ni mbuzi? Naona lina manyoya."

Nikaanza kubandua manyoya. Akapitisha kidole kwenye boneti, akakinusa.

"Mafuta ya kujipaka," akasema. "Lilikuwa limepauka?"

Mama ntilie kule kwake alicheka mpaka akaangusha mwiko. Mimi nilitamani ardhi inimeze na ndoo yangu. Fundi akafuta sehemu ndogo kwa kitambaa safi, akawaona buibui. Nilingoja kofi. Halikuja. Akaniambia kwa sauti ya chini, na maneno hayo ninayo mpaka leo:

"Kukwaruza ni ujinga, na ujinga una dawa. Kupaka mafuta juu ya mkwaruzo ni uongo, na huo sina dawa yake. Mficha uchi hazai, binti. Twende kwa mwenye gari. Utasema wewe, kwa mdomo wako. Mimi nitasimama tu pale kama nguzo ya umeme. Akisema uondoke, utaondoka. Akisema ubaki, utalitengeneza mwenyewe."

Tukaenda. Mwalimu alikuwa barazani na mkewe, Mama Nanzia, wanachambua maharage ya harusi.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo mama."

"Marahaba. Gari limekamilika?"

"Mwalimu, gari lako nimelisugua kama sufuria. Limechubuka lote. Halafu nikalipaka mafuta ili usione."

Aliweka chini maharage yake. Akamtazama Fundi. Fundi akawa nguzo ya umeme kweli.

"Umelisugua na nini?"

"Majivu."

"Ya kuni au ya mkaa?" Mama Nanzia akadakia.

"Ya kuni, mama."

"Heri. Ya mkaa yana chengachenga." Akamgeukia mumewe. "Baba Nanzia, huyu angalau anajua kusugua. Wewe tangu unioe hujawahi kugusa hata kijiko."

Mwalimu akajaribu kubaki mkali, ila mdomo ukamponyoka upande mmoja. "Jumamosi saa mbili asubuhi," akasema. "Nikiyakuta hayo maduara, binti huyu apande gari la kwanza arudi kwao."

Asubuhi ya Ijumaa Fundi alinitolea mashine. Mwanangu, mashine za kupiga polishi za siku hizi ni nyepesi, nyingine hazina hata waya. Ile ilikuwa nzito kama mtoto wa miezi sita aliyegoma kulala, na mbele ina pedi ya sufu nyeupe inayozunguka. Fundi hakuniruhusu kusogea karibu na gari. Aliniwekea boneti bovu juu ya matairi mawili, akasema, jaribu.

Nikawasha. Ikanivuta kama ndama aliyemwona mama yake. Polishi ikaruka, nusu usoni kwangu, nusu kwenye kofia ya Fundi. Nikaikamata kwa nguvu, nikaikandamiza chini, si nilikuwa msichana wa milimani, nilibeba ndoo mbili za maji kupanda mlima! Nikakandamiza pembeni pa boneti mpaka nikasikia harufu ya kuungua. Fundi akazima umeme.

"Unaona nini hapo?"

"Bati."

"Umefika mwisho wa safari. Baada ya bati hakuna rangi nyingine." Kisha akaigeuza ile pedi. Sufu iliyokuwa nyeupe ilikuwa imegeuka nyeusi. "Na huu weusi ni nini?"

"Uchafu, Fundi."

"Si uchafu. Ni rangi. Wewe unadhani mashine inafuta mikwaruzo? Mkwaruzo ni shimo, na shimo halifutwi. Tunachofanya ni kushusha rangi iliyobaki, kidogo kidogo, mpaka iwe sawa na shimo. Kila ukipitisha mashine unamlia Mwalimu gari lake. Kwa hiyo ulile kwa adabu."

Hapo ndipo kichwa changu kilipofunguka.

Tuliliosha gari upya mara mbili, chembe zote zitoke. Ndoo moja ya sabuni, ndoo nyingine ya kusuuza kitambaa, na kitambaa kilichoanguka chini kimestaafu, hakirudi kazini. Tukalisukuma kivulini, likapoa. Tukabandika tepu kwenye kingo zote, kwa sababu pembeni rangi ni nyembamba. Kisha Fundi akanionyesha: polishi kidogo kama punje za choroko, ipake kwanza kabla ya kuwasha, pedi ilale bapa, usisimamishe mashine sehemu moja, nenda kama mtu anayelima mistari, kwa urefu halafu kwa upana. Ukimaliza sehemu ya ukubwa wa kanga iliyokunjwa, zima, futa, tazama. Kutazama tulitumia kioo chake cha kunyolea ndevu, anarusha jua mpaka ndani ya kivuli, nasi tunainamisha vichwa kama kuku anayesikiliza.

"Usiisukume," akawa ananiambia. "Nguvu inayo yenyewe. Wewe ipe njia tu."

Sehemu ya kwanza ilinichukua muda mrefu kuliko ibada ya Pasaka. Nilipofuta nikaona weusi mtulivu kama maji ya kisima, na ndani yake nikaona uso wangu, una polishi puani. Nilipiga kigelegele pale pale. Fundi akasema, "Bado milango minne."

Jua lilipoanza kuegemea milima tulikuwa tumemaliza, mabega yangu yanawaka moto. Ulibaki mchirizo mmoja tu kwenye mlango wa dereva, mrefu kama kidole, pale kitambaa kiliposhika kijiwe. Nikainua mashine. Fundi akanishika mkono.

"Huo acha."

"Fundi, ataniona! Atanirudisha kwetu!"

"Ukiufuata huo utatoboa. Rangi hapo imebaki ya kutosha kuvumilia, si ya kutosha kukamilika. Kesho utamwonyesha mwenyewe kabla hajauona."

Mwanangu, usiku ule sikulala vizuri, sikufichi.

Saa mbili kamili Mwalimu akaja na tai yake nyekundu, yeye na Mama Nanzia. Tukalisukuma gari juani, jua lile lile lisilo na adabu. Akainama kwenye boneti. Akaenda kwenye buti. Ndipo nikajikaza, nikamvuta mpaka mlango wa dereva, nikaweka kidole. "Huu hapa umebaki, Mwalimu. Ni wangu. Ukiondolewa, rangi inaisha."

Akautazama ule mchirizo, akanitazama mimi. "Darasani," akasema, "mwanafunzi akinionyesha mwenyewe alipokosea, sijawahi kumchapa. Nitaanza leo?"

Na Mama Nanzia hata hakungoja amalize. Alikuwa ameshainama mbele ya mlango wa nyuma anafunga kilemba chake vizuri, maana alikuwa anajiona mzima mzima. Shangazi wa bwana harusi walipofika kupanda, wakajipanga foleni kwenye milango ile, mmoja anapaka wanja, mwingine anakaza kanga, wanasukumana, "Sogea, mlango huu wangu!" Msafara ulichelewa kwenda milimani kwa sababu ya vioo nilivyovitengeneza mimi. Lilipoondoka kwa honi na vigelegele, Fundi Mshana aliokota ile mashine, akanikabidhi mikononi.

"Jumatatu uje mapema," akasema. "Kuna gari la bluu."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilikaa na mzee yule miaka mingi, na leo mjukuu wangu Nakiete ana kibanda chake mwenyewe cha kung'arisha magari, watu wanapanda kutoka Kwakoa na kushuka kutoka Msangeni kumtafuta, na mikono yake ni myepesi kuliko yangu. Nasema kwa sauti, anayetaka kuona wivu na aone. Ila juzi nilimkuta kijana wake mmoja wa kazi anamiminia gari la mteja mafuta ya kung'arisha juu ya michubuko, anasema, "Bibi, si inapendeza?" Ndiyo sababu naandika haya.

Sikiliza, mwanangu. Usisugue kila kitu kama sufuria ya kwenu. Mke, mume, rafiki, mkwe, kila mmoja ana ngozi yake, na sifa uliyoipata jikoni haikupi ruhusa ya kuchuna watu. Ukimchubua mtu, usimpake mafuta ya maneno matamu, upepo utakuja na manyoya ya kuku. Nenda ukaseme kwa mdomo wako. Tengeneza taratibu, bila kukandamiza. Na ujue kwamba kila msamaha unakula rangi kidogo, hata uwe mzuri namna gani. Anayekwaruza kila siku akitegemea polishi, ipo siku atafika kwenye bati. Ukibaki mchirizo usioweza kuondoka, uonyeshe, uishi nao, na ucheke.

Mungu akupe jua la kutosha kuona makosa yako, na kivuli cha kutosha kuyatengenezea. Akupe mtu wa kukushika mkono pale unapotaka kutoboa. Na kazi ya mikono yako ing'ae mpaka shangazi za watu wagombanie kujitazama ndani yake. Amina.